Jinsi ya kuandika adui wa stori ya kisayansi anaempenda binti yake na bado akabaki kuwa adui

Wadau mnaoandika stori za sayansi ya kubuni kwa kiswahili, leo nataka tuongelee kitu kimoja tu, adui na binti yake. Mi niko hapa Mtwara, stori zangu ni zile za kwenye simu, sehemu ya 1, sehemu ya 2, itaendelea, na katika vyote nilivyowahi kuvitunga, maroboti, satelaiti, miji ya chini ya bahari, hamna kilichonitesa kama baba mbaya mwenye mtoto wa kike.

Stori yangu ya kwanza niliiharibu. Adui alikuwa na mitambo, ana walinzi, anacheka sana, halafu ana binti ambae haonekani kabisa mpaka sehemu ya 9 anapotekwa ili baba mtu apate uchungu na wasomaji wamuonee huruma. Hawakumuonea. Dada mmoja akanitumia meseji anasema kaka huyu mzee tangu tumeanza hajawahi hata kuuliza mwanae kala au hajala, leo ndo anagalagala analia? Nilikaa na hiyo meseji wiki nzima maana alikuwa sahihi kabisa, yule binti niliingiza pambo tu, nikategemea neno "binti" lenyewe lifanye kazi ambayo mi sijaifanya.

Kwahiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja jiulize hivi, nikimtoa binti kwenye hii stori, ule mtambo wa adui bado ungejengwa? Kama ungejengwa vilevile basi hauna bado stori ya baba na binti, una stori ya mtambo. Mapenzi yake na ubaya wake vitoke kwenye shina moja, kilekile anachokifanya kwa kumpenda mwanae ndo hichohicho kinachowaumiza watu. Hii ya mchana katili, jioni akifika nyumbani anavua viatu anakuwa baba mzuri, achana nayo, msomaji anaona watu wawili waliovalishwa shati moja.

Ngoja nikupe mfano wa stori ninayoiandika sasa hivi, itakuwa rahisi kuelewana.

Mwenye kupajua Newala anajua shida ya kule ni maji. Uwanda wa Makonde uko juu na udongo wake ni wa mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama, mito huko juu hamna, chemchemi ziko chini kwenye miteremko na mabondeni. Ndo maana watu walikuwa wanashuka na ndoo tupu alfajiri na kuipandisha imejaa kichwani, na ndo maana mpaka leo unakuta nyumba ina kisima cha kukinga maji ya mvua pembeni. Ukisimama pale Shimo la Mungu ukaangalia chini lile bonde la Ruvuma, huhitaji mtu akueleze ule mteremko ni nini kwa mtoto mwenye ndoo.

Sasa adui wangu anaitwa Dokta Chilemba, stori iko mwaka 2081. Zamani hakuwa dokta wala nini, alikuwa fundi pampu. Binti yake wa miaka 8 alishuka kuchota maji na wenzie, wakati wa kupanda akateleza, mguu wa kulia ukavunjika na ukaja kuunga vibaya. Kuna kipande nimekiandika mara sita: usiku, taa ndogo, baba anamkanda mtoto mguu kwa mafuta ya nazi aliyoyapasha kwenye kijiko, na mtoto halii kwa sauti, anang'ata pindo la kanga ya mama yake, kila kidole gumba cha baba kikifika pale mfupa ulipopanda kanga inavutika kidogo. Baba anaiangalia kanga, uso hauangalii. Usiku ule anaapa mwanae hatabeba ndoo tena maisha yake yote. Miaka ishirini na kitu baadae Chilemba anamiliki mawingu yote kuanzia Newala mpaka Tandahimba.

Umeona? Ukimtoa Somoe (ndo jina la binti, nitalirudia hilo jina chini maana lina kazi), mtambo haujengwi.

Kwenye sayansi usidanganye sana. Mi ninavyofanya nachukua kitu ambacho kipo kweli halafu nakisogeza mbele. Kuvuna maji ya ukungu kwa nyavu kupo, matone yanashika kwenye wavu yanachuruzika chini kwenye mfereji. Kunyunyizia mawingu chembe za iodidi ya fedha ili yanyeshe kupo tangu miaka ya 1940. Chilemba kaviunganisha, ana nyavu zenye umeme kwenye ukingo wote wa uwanda na droni zinazopanda juu alfajiri. Kwa msomaji wa huku sikuwa na haja ya kuandika aya tatu za maelezo, niliandika tu kwamba droni zinapuliza wingu kama vijana wanavyopuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, asubuhi umande haujakauka na upepo umelala, basi mtu wa Tandahimba kashaona picha nzima mpaka harufu kaisikia. Tafuta kitu cha hivyo cha kwako.

Ila kanuni moja usiivunje, mtambo uwe na gharama na gharama ilipwe na mtu. Maji hayazaliwi, yanahamishwa. Wingu lililokamuliwa Newala halifiki Masasi, halifiki Nanyumbu, na bondeni mashamba ya mpunga yanapasuka. Na huko bondeni niliweka mtoto mwingine wa kike, nae miaka 8, anatembea mbali zaidi kuliko alivyowahi kutembea Somoe. Ndoo haijaisha duniani, Chilemba kaihamishia kichwa cha mtoto wa mwenzie. Hilo sikulisema kwa maneno popote kwenye stori, niliacha Somoe amkute yule mtoto njiani akamtua ndoo na akashindwa kuipandisha tena kichwani kwa yule mtoto, anasimama nayo tu mikononi.

Halafu mpe adui sababu ambayo hata wewe mwandishi huna jibu lake la haraka. Hapa kusini sababu ziko nje nje. Mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru kule Lindi ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu vichwani mpaka bandarini, leo imesimama Berlin. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga, mradi ukafa, reli ikaja kung'olewa. Gesi ya Mnazi Bay, watu waliandamana 2013 wakitaka inufaishe huku kwanza, 2015 bomba likaanza kuipeleka Dar. Msomaji wa Mtwara haya kayakuta kwenye maongezi ya nyumbani, wengine tulikuwepo. Kwahiyo Chilemba akisimama mbele ya watu Newala akasema mifupa ilienda, reli ilienda, gesi ilienda, maji haya hayaendi popote, uwanja mzima unasimama, na mi ninaeandika nasikia moyo wangu unasimama nao. Hapo ndo unajua adui kakolea. Na hapo ndo binti anakuwa na kazi ya kweli, maana Somoe yuko pale nyuma karibu na spika na anauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Baba, kwani Masasi sio kusini?" Baba anajifanya hajasikia. Amesikia.

Sasa tuje kwenye kuongea, na hapa nitakaa sana maana wengi ndo tunapopotea. Tunaangalia muvi za nje tunaona baba na binti wanakaa kwenye kochi wanaangaliana machoni wanaambiana nakupenda, nimekukosea, nisamehe, tunachukua vilevile tunaweka Newala. Huku baba na binti mkubwa hawaongei hivyo. Binti akishachezwa unyago baba anaanza kukaa mbali na mambo yake, chumba chake haingii, maneno mengi yanapitia kwa mama au shangazi. Sio kwamba mapenzi yamepungua, yamebadilisha njia tu, yanapita kwenye chakula, kwenye nauli, kwenye hela inayoingia kwenye simu bila ujumbe wowote. Mwandishi wa stori za kisayansi hii kwako ni zawadi kubwa, una mtu anaeamrisha wingu na wingu linatii, halafu kumwambia mwanae neno moja mpaka apitie kwa mkewe.

Sikiliza pia anavyomtaja. Akifurahi ni "mwanangu", akikasirika ni "mwambie huyo mwanao", mama Somoe ndo anajua hali ya hewa ya nyumba kwa herufi hizo mbili tatu za mwisho. Na jina nililokwambia nitalirudia: Somoe, linatokana na somo, watu mnaoitana jina moja. Binti kapewa jina la mama yake Chilemba, marehemu. Kwahiyo Chilemba anapomuita mwanae anamuita "mama". Fikiria mzigo wake, huyu mzee hawezi kumfokea yule binti bila kujisikia anamfokea mama yake mzazi, na binti akimkataza jambo ni kama amekatazwa na kaburi. Mi sikulitafuta hili, lilikuwa limekaa tu kwenye lugha, nikaliokota. Kabla hujaenda kutafuta mgogoro mbali angalia majina kwanza.

Nakuwekea kipande. Somoe anarudi kutoka Masasi usiku, kabeba vipimo vya mvua vya miezi mitatu. Baba yuko barazani anamenya ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

"Nimekula. Baba, Masasi mwezi wa tatu huu haijadondoka hata tone."

"Mguu vipi?"

"Mguu mzima. Nimesema Masasi..."

"Nimekusikia mama. Usiku kuna baridi huku juu, ungevaa soksi." Akageuza shingo ndani. "Mama Somoe! Mwambie mwanao maji ya moto yapo."

Angalia hapo hajajibu swali hata moja, na kajibu yote. Kila akiulizwa kuhusu watu wa Masasi anajibu kuhusu mguu, mguu ndo jibu lake la kila kitu, na maji ya moto aliyomwekea ni hayohayo ya Masasi. Ukiandika mazungumzo yako fanya hivyo, wape kila mmoja kitu anachokirudia, halafu usiwaruhusu wakutane katikati mapema.

Mjomba usimsahau. Wamakonde, Wayao, Wamwera, kwa asili ukoo ulikuwa unafuata kwa mama na mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake, siku hizi sehemu nyingi imepungua lakini heshima yake bado ipo. Mi nikamuweka kaka yake mama Somoe bondeni, mkulima wa mpunga, shamba limekauka. Somoe akigombana na baba yake anashuka kwa mjomba. Siku mjomba anapanda kuja, Chilemba ambae amewaweka wakubwa kutoka Dar siku tatu wanasubiri kwenye benchi, anainuka mwenyewe anamsogezea kiti. Wanaongea habari za afya tu nusu saa nzima. Sikuandika kitu kingine kwenye hiyo sehemu na ndo iliyopata wasomaji wengi wanaonipigia simu.

Binti mwenyewe usimfanye malaika. Hili nalisema kwa moyo wote maana mabinti kwenye stori zetu tunawaonea, tunawaandika weupe kama pamba, kazi yao kulia na kuokolewa. Somoe amesoma kwa hela ya maji. Mtambo anaupenda, alikua nao, akiwa na miaka kumi na mbili alikuwa anashika bisibisi anamshikia baba taa, sauti ya nyavu zikianza kuvuta anaijua kama unavyojua sauti ya sufuria ya nyumbani kwenu. Ni fundi mzuri kuliko wote walioajiriwa pale na baba anajua. Akisema mtambo uzimwe hasemi kwa kuuchukia, anauzima ukiwa bado mzuri kwake, na hicho ndo kinauma. Mpe binti ujuzi wa baba, mpe ukaidi wa baba, hata na mkono wa baba, halafu waache wagombane, utaona stori inajiendesha.

Na mpe dhambi. Dhambi ya Somoe ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Anataka kuingia chumba cha mitambo usiku akabadilishe programu ya droni, mlango unafunguliwa na baba yake peke yake, kwa kidole chake. Somoe anajua kitu kimoja tu kinachomuinua baba kitandani bila maswali. Kwahiyo anatembea kwenye ile korido ya sementi akichechemea kuliko anavyochechemea kweli, anabisha mlango wa baba anasema mguu umeniamka baba, dawa yangu nimeiacha kule ndani.

Sasa huku nyuma tangu sehemu ya 2 nilikuwa nimeshamfundisha msomaji kwamba Chilemba anawajua watu kwa hatua zao, na ya Somoe anaijua kuliko mapigo ya moyo wake, moja nzito, moja nyepesi, nzito, nyepesi. Usiku huo anasikia hatua zinakuja na zimekosea. Uzito umekaa mguu usio wenyewe. Anajua anadanganywa, anajua na mwanae anaenda kufanya nini. Anakaa kitandani kidogo. Anaamka anavaa kandambili anaenda kumfungulia mlango, na hasemi kitu.

Hapo wenzangu wengi wangemaliza, baba kashindwa na mapenzi, mvua inanyesha Masasi, watu wanacheza ngoma. Usimalize hapo tafadhali. Kesho yake asubuhi Chilemba anakunywa chai, anaita mafundi, anawaamuru watengeneze upya kila kilichobadilishwa, na nyavu zinaongezwa mpaka upande wa Nanyumbu ambako zilikuwa hazijafika. Alimfungulia kwa sababu ni mwanae. Kaongeza nyavu kwa sababu ni mwanae vilevile, usiku kucha aliwaza mguu. Vyote viwili ni kweli na hakuna kinachofuta kingine. Msomaji aliyemhurumia saa nane usiku saa moja asubuhi amchukie, na akimchukia bado asikie zile kandambili.

Msamaha usiugawe hovyo. Wa binti anaweza kuutoa binti, ni haki yake, lakini wa watu wa bondeni hauko mfukoni kwa Somoe. Nimeona stori nyingi adui anakumbatiana na mwanae basi mambo yote yameisha, vijiji vizima vilivyokauka havijaulizwa. Kwangu yule mtoto wa ndoo wa bondeni ana jina, ana bibi yake, na sehemu za mwisho nimempa yeye aseme maneno mengi kuliko Chilemba. Silaha, mapigano, milipuko, hivyo andika unavyoweza, mi naviandika haraka haraka, hamna msomaji aliyewahi kuniuliza droni ilikuwa na mabawa mangapi.

Kwa wanaorusha vipande vipande kama mimi, kata sehemu pale mmoja kashaongea na mwingine hajajibu. Usikate kwenye bunduki. Sehemu ya 7 nilikata pale "Baba, kwani Masasi sio kusini?" na watu walibishana siku nne, wengine wanamtetea mzee kwa nguvu kabisa, wa Masasi wanawajibu, mi nikakaa kimya nasoma, nikapata humo humo maneno ya sehemu ya 8.

Na kabla hujarusha, msomee mtu kwa sauti, ila mchague, awe mzee mwenye mabinti wakubwa. Hapa mtaani kwetu kuna mzee mmoja ana mabinti wanne wote wameolewa, jioni anakaa barazani, nikamuomba nimsomee ile ya mlangoni. Alisikiliza kimya mpaka mwisho macho yako barabarani. Nikamuuliza baba umeonaje. Akasema asingefungua bila kitu hivyo, mtoto anakudanganya na wewe unajua, hapo unakohoa kwanza, unakohoa ili ajue uko macho, umpe nafasi ya kurudi. Asiporudi ndo unafungua.

Nikamshukuru nikarudi nyumbani usiku ule ule nikaongeza, Chilemba anakohoa, hatua kwenye korido zinasimama kidogo, halafu zinaendelea kuja.